Siku moja Kona: kuona samaki Kahaluʻu bila kuachwa na meli

Swali limetoka kwa papa mmoja wa Goma, quartier Katindo, nalifupisha: "Mwalimu, bonjour. Binti yetu mwenye anafanya kazi Arizona ametulipia mimi na mama yake safari ya meli ya kuzunguka visiwa vya Hawaii mwezi wa saba, yeye na bwana yake watakuwa na sisi. Siku ya Kona meli inafika saa moja asubuhi, inaondoka saa kumi na moja na nusu jioni. Binti anataka kutupeleka fasi inaitwa Kahaluʻu Beach Park tuangalie samaki na maski na tuba, kale kamrija ka kuvutia pumzi. Mimi naogelea Kivu tangu utoto, niko na miaka 58, nakunywaka dawa ya tansio. Mama hajui kuogelea hata kidogo. Wakati utatosha? Vyombo ninunue hapa Birere ama kule? Na hatari iko wapi, papa wa baharini?"

Papa, bonjour, na mama umusalimie. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: wakati unatosha na unabaki, ila maji yakuje ya kwanza, mambo ingine yote yafuate nyuma. Watu wenye wanarudiaka kwenye meli wakisema "hatukuona kitu" si juu samaki hawakukuwa, ni juu walianza na kahawa, wakaingia kwenye maduka ya mashati ya maua, wakapiga foto mbele ya kanisa, wakafika kwenye maji saa sita ya mchana, na saa hiyo upepo umeshaamka, mchanga umeshatifuka, watu wamejaa, na kila mtu anaangalia saa.

Tuanze na hiyo saa. Kona ni mji kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, na haina bandari ya meli kubwa. Meli inatupa nanga mbele ya mji, kwenye ghuba ya Kailua, halafu shalupe, boti ndogo za meli yenyewe, zinashusha watu kidogo kidogo mpaka kwenye gati ndogo ya mji. Kwa hiyo "inafika saa moja" haina maana kwamba saa moja uko chini. Kuna kutia nanga, kuna ruhusa, kuna shalupe za kwanza zenye mara nyingi zinapewa wale walionunua matembezi ya meli, nyinyi wengine munachukua tiketi na munangoja namba yenu iitwe. Mukiamka mapema na kushuka kuchukua tiketi mbele ya kula, munaweza kukanyaga chini saa mbili hivi. Mukilala, mukakula polepole, itakuwa saa tatu na nusu na siku imeshakatika. Usiku wa mbele yake binti aulize pale mapokezi mambo mawili tu: tiketi za shalupe zinatolewa wapi na saa ngapi, na shalupe ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi. Hiyo saa ya pili njo muhimu kuliko saa ya meli kuondoka, juu shalupe ya mwisho inatokaka mapema kabisa kuliko meli, na foleni yake chini ya jua si ya kuchezea. Mimi nikipanga siku kama hiyo naanzaka na shalupe ya mwisho halafu nahesabu kurudi nyuma.

Kitu kimoja kitakufurahisha: Goma na Hawaii zinapishana masaa 12 kamili. Saa yako ya mkono, kama ni ya mishale, usiiguse. Saa mbili ya asubuhi kule ni saa mbili ya usiku Katindo, mishale iko fasi moja. Utajua watoto wako nyumbani wanafanya nini bila kupiga hesabu yoyote.

Kutoka gati mpaka Kahaluʻu ni kilomita 8 hivi, barabara ni moja tu, Aliʻi Drive, inafuata bahari kwenda kusini. Na gari ni robo saa ama dakika 25, juu ni barabara ya polepole, watu wanakimbia michezo, wengine na baiskeli, wengine wanavuka na mbao zao za kupanda mawimbi. Chukueni taksi ama binti aite gari na telefone yake. Kukodi gari kwa siku moja ya namna hii naona ni kupoteza, utakula saa nzima kwenye karatasi, na parkingi ya pale plaje ni ndogo, inajaa mapema na watalii wanalipishwa. Kutembea na mguu, papa, najua mtu wa Goma haogopi kilomita nane, lakini mwezi wa saba jua la kule linapita juu ya kichwa kabisa na utafika umechoka mbele ya kuingia kwenye maji, na kuchoka mbele ya maji ni kitu nitakirudilia hapa chini.

Sasa kuhusu kununua matembezi ya meli ama kwenda wenyewe. Na meli: matembezi yao yakichelewa, kazi ya kuwarudisha ni yao. Wenyewe: mukichelewa, meli inaenda na munabaki gatini munaiangalia, halafu munalipa ndege kuifuata. Kama ni ile meli ya Pride of America, yenye inazunguka ndani ya Hawaii tu kwa juma moja, kisiwa chenye kinafuata Kona ni Kauai. Kusema kweli, kwa Kahaluʻu mimi ningeenda mwenyewe, ni karibu na ni rahisi. Kama mungekuwa munataka kufika Kealakekua, kule Kapteni Cook aliuawa mwaka 1779, pale nisingejaribu kujipangia, ningelipa boti, juu kwa barabara hakuna njia ya kuteremka mpaka kwenye matumbawe isipokuwa mguu mrefu wa kushuka, na wa kurudi kupanda njo unaua. Na jambo la visa, kwa sababu najua mutaulizana: hiyo Pride of America iko na bendera ya Marekani na haitokaki Marekani hata siku moja ya safari, kwa hiyo kama visa yenu ni ya kuingia mara moja, hamujatoka. Meli zingine zenye bendera ya kigeni zinalazimishwa na sheria ya zamani ya mwaka 1886 kugusa nchi ingine kama zinabeba watu kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha, na pale visa inakuwa masolo ingine. Binti aangalie jina la meli kwenye tiketi, imekwisha.

Fasi yenyewe sasa. Kahaluʻu ni ghuba ndogo, sehemu kubwa yake kina ni metre moja mpaka tatu, na mbele yake kuna mabaki ya ukuta wa mawe wa zamani sana wenye Wahawaii walijenga kuvunja mawimbi. Wenyeji wanasema ulijengwa usiku na Menehune, watu wafupi wa hadithi zao. Umebomoka nusu, lakini bado unafanya kazi: nje mawimbi yanapasuka, ndani maji yanatulia. Njo maana nawatuma pale na si fasi ingine, kuna kivuli cha kibanda, kuna choo, kuna bomba la kuoga, kuna walinzi wa maji kwenye mnara wao. Mchanga wake ni mweusi na mweupe umechanganyika, na sehemu ingine yote ni mawe ya volkano, ile ile unayoijua, papa, ile tunajengea kuta za parcelle. Mji wa Kona wote umekaa chini ya mlima unaitwa Hualālai, ulitapika mara ya mwisho mwaka 1801, na uwanja wao wa ndege umejengwa juu ya ile lava. Sisi lava yetu ya Nyiragongo ya 2002 ilikuja kuufuata uwanja uliokuwepo tayari, kila mtu na bahati yake.

Nasema hii ya mawe juu inaleta kitu kimoja chenye kitakushangaza ukitia uso kwenye maji. Unajua Goma mvua inanyesha kubwa na hakuna mto, maji yote yanapotelea ndani ya mawe. Kona ni vile vile, mvua ya mlima inapita chini ya lava na inakuja kutokea baharini, pale pale kando ya plaje. Sasa maji matamu ni baridi na ni mepesi, yanakaa juu ya maji ya chumvi, na fasi yanapokutana macho yanaona ukungu, vitu vinacheza cheza kama mafuta ya moto kwenye sufuria. Watu wanafikiri maski imeingia mvuke, wanasimama, wanaivua, wanaitemea mate, wanaivaa tena, bado. Hapana, ni maji. Tulia, ogelea metre kumi ama ishirini kwenda mbele na pazia inafunguka mara moja.

Na pale njo utaona. Wale wa manjano kabisa, manjano ya limao iliyoiva, wanatembea kwa kundi wakilamba majani kwenye mawe, Waingereza wanawaita yellow tang. Kuna pono, mkubwa wa kijani na buluu, ana mdomo kama wa kasuku na anatafuna jiwe la matumbawe, ukinyamaza utasikia kabisa kru, kru, kru na masikio yako, halafu utamuona anaachilia nyuma wingu la mchanga mweupe. Sehemu ya ule mchanga wa plaje imetoka pale, sitasema zaidi. Karibu robo ya samaki wa matumbawe ya Hawaii hawapatikani fasi ingine yoyote duniani. Sisi wa Kivu tumezoea ziwa yenye samaki wa aina kidogo, hata sambaza tunayoringia ililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa hiyo ukiona wote wale ndani ya metre mbili za maji utasahau kupumua, na tafadhali usisahau.

Kasa pia wako, wale wa kijani. Wanakuja kula majani kwenye mawe karibu karibu na fasi watu wanaingilia, na wengine wanapanda kulala kwenye mchanga. Usimukaribie chini ya metre tatu, usimuguse, usimukatie njia anapopanda kuvuta pumzi. Si adabu tu, analindwa na sheria ya Marekani na mtalii anaweza kulipishwa faini. Ukikaa kimya kwenye maji yeye mwenyewe atapita mbele yako, na hiyo haikatazwi.

Hatari. Uliuliza papa wa baharini, nikujibu haraka: bahari ni yake, yuko, lakini ndani ya ile ghuba ndogo yenye kina kifupi si yeye mwenye ananinyima usingizi. Mwenye ananinyima usingizi ni wewe, papa, usinikasirikie. Miaka 58, dawa ya tansio, mwanaume mwenye anajua kuogelea na anajiamini. Watalii wenye wanakufa majini Hawaii, wengi walikuwa kwenye kazi hii hii ya maski na tuba, na wengi ni wanaume wa umri wako kwenda juu, na wengi hawakupiga kelele wala kupigana na maji, watu waliwakuta wamelala kifudifudi, na kila mtu alifikiri wanaangalia samaki. Hawaii walifanya uchunguzi juu ya jambo hili na walichoonyesha ni kwamba si kila mara mtu anameza maji: kuvuta pumzi kwa nguvu kupitia tuba nyembamba, huku unajichosha, na moyo wenyewe uko na shida yake, kunaweza kufanya mapafu yajae maji yanayotoka ndani ya mwili. Mtu anaishiwa pumzi ghafla, nguvu zinakata, kichwa kinazunguka.

Kwa hiyo mbele ya safari uende kwa daktari wako, umuambie wazi "nitaogelea na tuba baharini", si "nitatembea". Asubuhi ile ukunywe dawa yako kama kawaida. Uchague tuba ya kawaida, pana, bila mitambo mingi ndani, uijaribu ukiwa umesimama kwenye nchi kavu: kama unaona unavuta kama mtu anayenyonya fanta nzito kwa mrija mdogo, rudisha, omba ingine. Zile maski za kufunika uso mzima, mimi kwa mtu mgeni sizipendi, kuivua haraka wakati wa shida ni kazi. Ingia polepole, baki fasi miguu inagusa mchanga kwa dakika kumi za kwanza, pumua. Usikimbizane na samaki. Na ukisikia pumzi inakuwa fupi bila sababu, hata kidogo, hata kama unasikia haya mbele ya mukwe wako, toa tuba kwenye mdomo, geuka ulale chali, inua mkono na utoke. Usingoje ipite. Bwana ya binti, ama binti mwenyewe, akae karibu yako muda wote, umbali wa kunyoosha mkono, si mmoja huku na mwingine kule kila mtu na kasa wake.

Kujua Kivu kunasaidia, lakini nusu. Chumvi itakubeba, utaelea vizuri kuliko ziwani, hapo utafurahi. Ila Kivu haina maji ya kupanda na kushuka, na haina mkondo wa namna ile. Kahaluʻu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, haifiki metre, lakini kwenye ghuba yenye kina kifupi hiyo nusu metre ni mingi: maji yakishuka sana utakuwa unapita tumbo juu ya matumbawe, yanakukata na wewe unayavunja. Binti aangalie kwenye telefone saa za maji ya siku hiyo, yakiwa yanapanda asubuhi ni bahati. Halafu mkondo. Mawimbi ya nje yakiwa makubwa yanaruka ule ukuta na kumwaga maji ndani, na yale maji lazima yatafute mlango wa kutokea, mlango wenyewe uko upande wa kaskazini, kuume kwako ukiangalia bahari, kule kuna kanisa ndogo ya buluu ya Katolika, Mtakatifu Petro. Kule njo wapanda mawimbi wanachezea. Wewe kaa katikati na upande wa kushoto, mbele ya mnara wa walinzi. Mukifika, mbele ya kuvua viatu, muende kwa mlinzi mumuulize: leo maji iko namna gani, tukae upande gani? Hakuna mlinzi mwenye atakucheka, njo kazi yake, na neno lake linapita langu lote hili. Ukikamatwa na mkondo usipigane nao, elea, inua mkono, wanakuona.

Mwezi wa saba mawimbi ya kusini yanaweza kufika upande ule, kwa hiyo musione aibu kugeuka kama bendera nyekundu iko juu.

Miguu. Yale mawe yana majani yenye utelezi, na katikati ya mashimo kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, mwiba unaingia na unakatikia ndani ya nyama. Usitembee pekupeku, vaa viatu vya maji ama palme, yale mapezi ya miguu, na ukishaanza kuelea usisimame tena isipokuwa kwenye mchanga. Watu wanasimama juu ya matumbawe kurekebisha maski, kiatu kimoja, sekunde mbili, na kitu chenye kilichukua miaka mingi kuota kimekufa. Mwaka 2015 bahari ilipata joto kubwa na matumbawe mengi ya upande ule wa kisiwa yalipauka na kufa, hayo yenye yamebaki yanahitaji raha. Utakuta wajitolea pale plaje wanaelezea watalii, programu yao inaitwa ReefTeach, muwasikilize, wanajua pia samaki gani anakaa kona gani asubuhi ile.

Vyombo. Birere usinunue. Zile lineti za kuogelea za Birere zinaacha pua nje, kwa kazi hii pua lazima ikae ndani ya kioo, bila hivyo huwezi kusawazisha kitu na maji yanaingia kila ukivuta pumzi. Kona duka za kukodisha ni nyingi mjini kwenye Aliʻi Drive, kukodi siku moja ni bei nafuu na wanakusaidia kuchagua, ila binti aulize mbele duka linafunguka saa ngapi, juu nyinyi munataka kuwa kwenye maji saa tatu. Ama anunue huko Arizona mbele ya safari, maski moja nzuri ya baba yake, mimi njo ningefanya hivyo, kwa sababu maski ya kukaa vizuri njo nusu ya furaha. Kuipima: weka usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kidogo na pua, achilia mikono. Ikibaki imeshika ni yako. Ikianguka, ya mwingine. Kama uko na ndevu za juu ya mdomo itavuja kidogo pale, nyoa siku hiyo ama paka vazelini. Kama unavaaka lineti za macho, uliza maski yenye vioo vya namba, ziko. Mvuke ndani ya kioo: tone moja la shampoo ya mtoto, sugua, suuza haraka, usikikaushe. Binti kama amesuka rasta ndefu afunge kitambaa ama kofia ya kuogelea chini ya mkanda, bila hivyo nywele zinaingia chini ya mpira na maji yanaingia nazo.

Na ukiwa bado Goma, chukua tuba na maski ya kuazima kama unapata, ingia pisini ya hoteli yoyote ama ziwani pale unajua, fanya zoezi moja tu: uso kwenye maji, pumua na mdomo peke yake, polepole, mpaka kichwa kiache kukuambia kwamba unakufa. Siku za kwanza kila mtu kichwa kinamuambia hivyo. Ni bora kikuambie Kivu kuliko Kona na saa inakimbia.

Krem ya jua. Hawaii tangu mwaka 2021 hawauzi krem zenye oksibenzoni na oktinoksati, juu ya matumbawe, chukueni yenye zinki, itawaacha weupe kidogo kama wafu wa sinema, si kitu. Ila mimi kwa mgongo sitegemeaki krem, nategemea shati ya mikono mirefu ya kuogelea. Kuna watu wetu wanasema ngozi nyeusi haiunguaki, waambie wakae saa moja kifudifudi juu ya bahari mwezi wa saba halafu waje walale chali usiku kwenye kitanda cha meli.

Mifuko: beba kidogo. Kadi ya meli na kitambulisho chenye picha kwa kila mtu mzima, bila hivyo shalupe haikurudishi, na hivyo viwili vikae kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga na visiachwe peke yake kwenye mchanga. Mtu mmoja anabaki siku zote na vitu. Maji ya kunywa mingi, kitu cha kula kidogo, na vitenge viwili vya mama, hakuna taulo yenye inashinda kitenge, kinakauka upesi, kinakuwa kivuli, kinakuwa fasi ya kubadilishia nguo. Chakula cha samaki, hapana, musiwape hata mkate.

Sasa mama. Usimuambie "utajaribu tu kidogo". Kahaluʻu maji ni mafupi lakini chini ni mawe, si fasi ya kufundishia mtu mzima kuelea, na nyinyi hamuna siku mbili. Akitaka kuingia, avae jile ya kuelea, ashikwe na binti, wabaki pale kwenye mlango wa mchanga mbele ya mnara, maji ya magoti mpaka kiuno, avae maski peke yake bila tuba, ainame, atie uso, atazame, ainuke avute pumzi. Samaki wadogo wanakuja mpaka pale, na kasa mara nyingi wako karibu zaidi na nchi kavu kuliko kule wewe utakuwa unaogelea. Akikataa kabisa, akae kwenye kivuli cha kibanda, halafu mukwe na binti wapokezane, mmoja na yeye, mmoja na wewe kwenye maji. Kwa upande wa kaskazini wa plaje, karibu na ile kanisa, kuna mawe ya hekalu ya zamani ya Wahawaii, asipande juu yake, aangalie tu kutoka pembeni.

Mukitoka kwenye maji saa tano na nusu, ogeni chumvi pale kwenye bomba, bila sabuni, iteni gari mbele ya kuanza kuvaa juu inaweza kukawia, na mukifika mjini rudisheni vyombo kwanza. Hapo mutakuwa na masaa mawili matatu ya kula na kutembea, vyote viko kwa mguu kutoka gatini: nyumba ya wafalme ya Huliheʻe ya mwaka 1838, mbele yake kanisa ya mawe ya Mokuʻaikaua, na kando kabisa ya gati kale ka plaje kadogo ka Kamakahonu, mfalme Kamehameha wa kwanza aliishi pale miaka yake ya mwisho na akafa pale mwaka 1819.

Hako ka plaje kashike kwenye kichwa, juu njo mpango wako wa pili. Kama shalupe zimechelewa na munakanyaga chini saa tano, ama mlinzi wa Kahaluʻu amesema leo hapana, musianze kutafuta plaje ingine mbali na telefone mkononi. Rudini Kamakahonu, maji yake ni tulivu, mchanga mpaka ndani, samaki wako kando ya mawe ingawa si wengi vile, na shalupe munaiona na macho. Na ikitokea bahari imechafuka kabisa, kapteni anaweza kuruka Kona yote, inatokeaka, hakuna wa kumulilia. Kwa hiyo vyombo vya kukodi musilipe kwa intaneti siku nyingi mbele kama hawarudishi pesa. Saa tisa muwe kwenye foleni ya kurudi, mama mbele, amekaa kwenye kivuli, wewe na mukwe munashika mstari.